Friza Lenye Alama ya Moto

Kabla ya kwenda shule, Boke alifagia uwanja, akawafungulia kuku, akanawa uso na miguu, kisha akapita kwa Prudence ili waongozane. Ndivyo walivyokuwa wakifanya tangu darasa la kwanza, na sasa walikuwa darasa la sita. Nyumba zao pale Makoko zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Aliyeunguza uji upande mmoja, upande wa pili walijua kabla sufuria haijapoa.

Lakini tangu friza lile lije kwa kina Prudence, mguu wa Boke ulikuwa mzito kila asubuhi. Siku hiyo aliwakuta wanawake wamepanga mabeseni ya sato mlangoni kwa Mama Prudence, wakisubiri zamu ya kuweka samaki wao. Walikuwa wakicheka na kutaniana, na jina la Mama Prudence halikuwatoka midomoni. Hakuna aliyemjali Boke, isipokuwa mmoja aliyemwambia asogee asije akachafua sketi kwa maji ya samaki.

Zamani watu hao hao walikuwa wakifika kwao. Baba yake Boke alikuwa amenunua friji kuukuu huko Mwanza, friji lenye kelele za mashine ya kusaga, na kila baada ya miezi michache lilipoteza ubaridi. Hapo aliitwa fundi Gody kutoka Kamunyonge. Fundi Gody aliachia gesi iliyobaki itoke hewani, akajaza nyingine kutoka kwenye mtungi wake, na friji likaanza tena kunguruma. Lilikuwa friji la kubembelezwa, lakini ndilo pekee mtaani, na Boke alikwenda shule na barafu za ukwaju kila siku. Wenzake walimwita Boke Barafu. Hata waliogombana naye walipatana naye upesi jua lilipokuwa kali.

Kisha friji likafa moja kwa moja. Muda si mrefu kikundi cha akina mama wauza samaki kikapata friza kubwa jipya kwa mpango wa kulilipia polepole, na likapelekwa kwa nani? Kwa Mama Prudence. Mama yake Boke naye alikuwa mwanakikundi, tena wa siku nyingi. Boke hakuelewa kwa nini nyumba yao ilirukwa, na kwa kuwa hakuelewa, alijijibu mwenyewe: wamependelewa.

Wakati wa mapumziko siku hiyo, wanafunzi walimzunguka Prudence na chombo chake cha barafu. Prudence alimwona Boke amesimama pembeni, akampenyezea moja ya ukwaju bila malipo.

"Chukua, Boke. Wewe ni wetu."

Wewe ni wetu. Maneno hayo yalikuwa yake Boke! Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake hivyo, naye alijua raha ya kuyasema. Aliipokea ile barafu, akashukuru, akala mpaka ikaisha. Angetukanwa asingeumia kiasi kile. Alimchukia Prudence kwa wema wake, na alijua anamchukia bure, na kujua huko hakukumsaidia kitu.

Jioni alikwenda kumsaidia Prudence kupanga samaki ndani ya friza. Chumba kilikuwa na dirisha pana lililoachwa wazi. Ubavuni mwa friza, karibu na mota, Boke aliona karatasi iliyobandikwa: pembetatu ya njano na ndani yake mwali mweusi wa moto.

"Hii alama ni ya nini?" aliuliza.

"Ni ya gesi yake," Prudence akajibu. "Fundi Rebeka ndiye alitueleza, yule dada anayetokaga Kabasa kule Bunda. Yeye ndiye alikuja kulifunga. Alisema gesi ya humu ni ndugu yake na gesi ya kupikia, inaweza kuwaka. Ndiyo maana hatuweki jiko humu, na dirisha tunaliachaga wazi. Ila ni kidogo, haifiki hata robo kilo, na imefungiwa ndani ya mabomba. Haitoki mpaka mtu akate bomba."

"Kwa nini wasiweke ile ya kwetu ya zamani? Ile haiwaki."

"Haiwaki, lakini ikitoka inapanda angani inakaa huko miaka, inazuia joto lisitoke duniani. Alisema kilo moja ya ile inashinda kilo elfu moja za hewa ukaa kwa kuzuia joto. Hii mpya hata ikitoka, haidumu."

Prudence aliyasema hayo kwa fahari kidogo, kama mtu anayesoma shairi alilolikariri vizuri. Boke aliyasikia yote. Lakini moyo wenye wivu una chekecheo lake, nao ulibakiza ulichokitaka: ndugu ya gesi ya kupikia, inaweza kuwaka.

Kesho yake akamtafuta Nathanieli, mvulana wa darasa lao aliyezijua habari za Makoko kabla ya wenye habari.

"Unajua lile friza la kwa kina Prudence lina gesi kama ya kupikia ndani yake?" Boke alimwambia. "Lina alama ya moto kabisa. Fundi mwenyewe alisema inawaka."

Nathanieli alitoa macho. "Kwa hiyo linaweza kulipuka?"

"Mimi sijasema linalipuka. Nimesema lina gesi."

Boke aliondoka akijiona hana kosa. Je, alikuwa amedanganya? Kila neno alilolitamka lilikuwa la kweli. Yale aliyoyameza ndiyo yaliyofanya kazi ya uongo.

Habari ile haikulala. Kila aliyeipokea aliitia chumvi kidogo akaipitisha. Ilipofika bombani, kwenye foleni ya maji, ilikuwa friza lenye mtungi mzima wa gesi tumboni. Ilipofika mwaloni, kwenye mitumbwi, tayari friza la namna hiyo lilikuwa limelipuka mahali fulani na kuunguza nyumba na mbuzi wawili. Mahali penyewe hakuna aliyepajua, lakini mbuzi walikuwa wawili.

"Lisemwalo lipo," wanawake waliambiana, "na kama halipo, laja."

Wakaja mmoja mmoja kuchukua samaki wao. Mama Prudence aliwaeleza maneno ya fundi mpaka sauti ikamkauka, wakamsikiliza kwa adabu, wakaondoka na mabeseni kichwani. Hatimaye mume wake akachomoa waya ukutani, akisema hawezi kulala na bomu ndani ya nyumba. Barafu ikayeyuka, maji yakatiririka mpaka uwanjani.

Boke aliyaona maji yale kupitia kwenye ua. Alifurahi, tusimfichie. Alifurahi jioni ile yote, akala ugali wake wote, akalala usingizi mzuri. Mama yake, aliyeitwa Mama Boke na mtaa mzima, alipozisikia habari hizo alikuwa akichambua dagaa. "Ehe," alisema tu, "tutasikia mengi," akaendelea kuchambua.

Furaha hiyo haikumaliza hata siku ya pili. Ijumaa Prudence alifika shuleni mikono mitupu, akakaa kwenye dawati lao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama hali chakula," alimwambia Boke kwa sauti ndogo. "Mwenyekiti wa kikundi, Mama Mwikwabe, alikuja jana. Wameamua kesho fundi Gody aje atoe hii gesi, aweke ile inayojulikana. Ikishindikana, friza linarudishwa lilikotoka. Mama atawauzia nini watu wa Butiama siku ya soko? Samaki walioharibika?"

"Si mumpigie fundi Rebeka?"

"Tumepiga. Yuko kazini huko Butiama, simu haipatikani. Boke, ni nani alianza haya maneno? Mtu ametuonea roho ya kwa nini, sijui tulimkosea nini."

Nafasi ilikuwa hapo, mbele yake, na Boke aliiona. Alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa "Pole," neno dogo kuliko deni lake, na Prudence akamshukuru kwa hilo.

Jumamosi asubuhi mama yake alimtuma kwa Mama Prudence kufuata beseni lao. Boke alipokaribia alisikia harufu ya samaki wa kukaanga. Kwa kawaida akina mama walikaangia kwenye kibanda mbali na nyumba, lakini upepo wa ziwani siku hiyo ulikuwa ukipeperusha majivu na kuzima moto. Samaki waliotolewa kwenye friza walikuwa wameanza kulegea, na wasingefika jioni bila kukaangwa. Kwa hiyo walikuwa wamehamisha jiko kubwa la mkaa barazani, chini kabisa ya lile dirisha pana. Makaa yalikuwa mekundu, na mafuta yalikuwa yakichemka.

Ndani, fundi Gody alikuwa amepiga magoti nyuma ya friza. Mtungi wake wa gesi ulikuwa kando, na mkononi alishika kikatio cha bomba.

Boke alisimama mlangoni. Haitoki mpaka mtu akate bomba. Mtu huyo ndiye yule pale, na moto ndio ule dirishani, na Mama Prudence alikuwa ameinama juu ya karai huku mgongoni amembeba mdogo wake Prudence. Boke alielewa papo hapo kwamba hatari aliyoizusha kwa mdomo sasa ilikuwa imekuja kweli, na ilikuja kwa sababu yake. Kama asingesema lolote, samaki wangekuwa ndani ya barafu na jiko lingekuwa kibandani.

Alielewa na jambo la pili. Akisema anachokijua, watamwuliza amekijuaje, na kama alikijua, kwa nini hakusema mapema. Watajua kila kitu. Mdomo uliponza kichwa, na sasa mdomo huo huo ndio uliotakiwa kufanya kazi.

"Fundi, usikate," alisema.

Fundi Gody hakugeuka. "Mtoto, nenda ukacheze nje."

"Shikamoo, fundi. Usikate. Gesi ya humo inawaka, na kuna jiko hapo dirishani."

"Gesi ya friji haiwaki. Mimi hii kazi nilikuwa naifanyaga wewe hujazaliwa. Nakata, naiacha itoke, najaza, basi."

Akaweka kikatio kwenye bomba. Boke hakujua amefikaje, lakini alijikuta ameliziba bomba lile kwa viganja vyake viwili, na kikatio kikasimama kando ya vidole vyake. Fundi Gody aliruka nyuma kwa hasira. Mama Prudence na wenzake wakaja mbio mlangoni, na nyuma yao Prudence.

"Kuna nini humu?" Mama Prudence akauliza.

"Mtoto huyu ana wazimu," fundi Gody akasema. "Nusura nimkate vidole."

"Mama, toeni jiko kwanza," Boke alisema huku akilia. "Naomba mtoe jiko, halafu mnipige. Bomba likikatwa gesi itatoka na itashika moto. Fundi Rebeka alisema. Ikiwa imefungwa haina shida, haiwezi kulipuka yenyewe. Ni mimi niliyemwambia Nathanieli kwamba friza lina gesi inayowaka. Yale mengine sikuyasema, kwamba ni kidogo, kwamba imefungwa. Nilijua nikayaficha."

Nje mafuta yaliendelea kuchemka.

"Uliyaficha kwa nini?" Mama Prudence akauliza polepole.

Boke alimtazama Prudence, kisha akatazama sakafu. "Kwa sababu friza lilikuja kwenu."

Mama Prudence aligeuka. Alitoka nje, akawaita wenzake wawili, wakalibeba jiko lile mpaka kibandani, bila kujali upepo. Aliporudi alichukua simu, akampigia tena fundi Rebeka. Safari hii iliita.

Sauti ya fundi Rebeka ilisikika na kila mtu chumbani. "Asikate mtu. Msiliguse, acheni dirisha wazi, na moto ukae mbali. Ninamalizia hapa Butiama, ninakuja."

Alifika alasiri, dada mrefu mwenye begi la vifaa begani. Alikagua mabomba yote kwa povu la sabuni, akaangalia kama kuna mahali linapofura kwa gesi inayovuja, asipaone. Ndipo akawakusanya wanakikundi uwanjani. Mama Boke naye alikuwa ameitwa, akasimama nyuma ya binti yake.

"Aliyesema gesi hii inawaka hakukosea," fundi Rebeka alianza. "Hata mafuta ya taa yanawaka, na tunalala nayo ndani kwa sababu tunajua kuyatunza. Gesi hii ikiwa imefungwa inapoza samaki wenu, umeme unaotumika ni kidogo, na haiongezi joto duniani kama ile ya zamani. Inachotaka ni dirisha, moto ukae mbali, na fundi aliyefunzwa kuitunza. Bomba lingekatwa leo juu ya lile jiko, tungekuwa tunazungumza mengine. Na ile gesi ya zamani ingejazwa humu, lisingepoza inavyotakiwa na mota ingekufa, maana haikutengenezewa gesi hiyo."

Fundi Gody alikuna kidevu. "Mimi nimeachiaga gesi hewani miaka yote," alisema. "Unafungua, inatoka, inapotea. Nilijua imepotea."

"Haikupotea, iko juu yetu," fundi Rebeka akamjibu. "Hata mimi nilikuwa naachia, mpaka nilipofundishwa kuivuta na kuirudisha kwenye mtungi. Njoo Bunda, fundi, tutafanya kazi pamoja wiki moja. Hizi mpya zinakuja nyingi, na mimi peke yangu sitaziweza."

Kisha akamgeukia Mama Boke. "Mama, nyumba yenu ndiyo niliyoiangalia kwanza. Jiko lenu na chumba vimeshikana mlango kwa mlango, na dirisha ni dogo. Nilimwambia mwenyekiti sababu hiyo, nikadhani amewafikishia."

Mama Mwikwabe alikohoa, akakiri kwamba alisahau.

Boke alihisi aibu ikimpanda upya mpaka masikioni. Siku zote zile alikuwa amekasirikia dirisha.

Mama Prudence ndiye aliyesema mwisho. "Boke, umeniumiza, mwanangu, siwezi kusema hukuniumiza. Lakini wengi wangenyamaza pale mlangoni ili wasijulikane. Wewe ulijitaja. Sasa samaki wa watu wako majumbani mwao. Utafanya nini?"

"Atapita kila nyumba," Mama Boke akajibu badala yake. "Nusu aliyoimeza ataitapika mlango kwa mlango. Nami nitakwenda naye."

Walizunguka Makoko mpaka jua likaanza kuzama. Kila mlangoni Boke aliamkia, akaeleza: gesi inawaka, ndiyo, lakini ni kidogo, imefungwa, na mimi ndiye niliyeificha sehemu hiyo kwa wivu. Wengine walimcheka, wengine walimfokea. Bibi mmoja alitaka kujua habari za wale mbuzi wawili, akasikitika kuambiwa hawakuwapo. Neno wivu lilikuwa gumu kulitamka kuliko yote, na halikuzoeleka hata nyumba ya mwisho. Kwa Nathanieli alirudia mara mbili, ili naye aisambaze hii kwa kasi ile ile.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Prudence mwenyewe. Prudence alikuwa akifuta friza kwa kitambaa, na mota ilikuwa imeanza kuunguruma taratibu.

"Nilikuonea wivu," Boke alimwambia. "Naomba unisamehe."

Prudence aliendelea kufuta. "Nilikuuliza jana ni nani, ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo linaniuma. Lile la friza nimekusamehe. Hilo la pole bado." Akakikamua kitambaa. "Jumatatu nipitie tu kama kawaida. Nitakuwa bado nimekasirika, lakini nipitie."

Njiani kurudi, hatua chache tu, Mama Boke alimshika binti yake mkono akamsimamisha.

"Sikiliza nikwambie," alisema. "Siku ile niliposikia maneno ya friza, mimi nilikuwa nimeshamsikia fundi Rebeka akieleza. Nilijua siyo kweli. Nikanyamaza nikachambua dagaa zangu, kwa sababu hata mimi lilinikaa rohoni. Kwa hiyo usidhani nilikusindikiza leo ili nikuchunge. Nilikuwa na yangu ya kutubu."

Boke alimtazama mama yake kwa mshangao. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima naye huugua ugonjwa huo. "Wivu unaishaga, mama?"

"Hauishi. Wangu umerudi mchana huu huu, nilipoliona friza linavyong'aa. Kuuhisi siyo dhambi, mwanangu, unakuja wenyewe bila hodi. Ukija, uache ukae humo ndani mpaka uchoke. Ila usiuazime mdomo wako, wala usiuazime ukimya wako. Leo umeona, nusu ya ukweli ilitosha kutaka kuteketeza nyumba nzima ya watu waliokupenda."

Akauachia mkono wake, wakaingia ndani kupika.